Kompyuta mpakato: Anza na umeme, inchi baadaye
Na Mwandishi Wetu

MFANYABIASHARA wa Mbulu au Hanang anayefunga safari ya Arusha au Kariakoo kutafuta kompyuta mpakato atakuta madukani mashine nyingi nyepesi zilizotumika nje ya nchi. Nyingine zinang'aa kama mpya na bei yake inavutia. Uwingi huo una sababu, na asiyeijua sababu hiyo anaweza kurudi Katesh au Haydom na hasara mkobani.

Oktoba 14, 2025 kampuni ya Microsoft ilimaliza huduma yake ya kawaida kwa programu ya Windows 10. Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, haizipokei rasmi prosesa nyingi zilizotengenezwa kabla ya kizazi cha 8 cha Intel, ambacho kilianza kuuzwa mwaka 2017. Ofisi za Ulaya na Marekani hazipendi kukaa na mashine zisizopata marekebisho ya usalama. Huziondoa kwa mafungu, na mafungu hayo huishia katika masoko kama ya kwetu.

Si vibaya kununua mashine iliyotumika. Kwa bei moja, iliyotengenezwa kwa ajili ya ofisi kubwa mara nyingi ni imara kuliko mpya ya bei rahisi. Tatizo ni kwamba mteja anapofika dukani huuliza maswali mawili tu: ni ya inchi ngapi, na ni Core i ngapi. Maswali hayo si mabaya, ila yanatangulia mahali pasipo pake. Kwa mtu wa wilaya hizi mbili swali la kwanza ni hili: mashine hii itapata umeme wapi, na itakaa saa ngapi bila huo umeme?

NGUVU HULA UMEME

Uzito, nguvu na umeme ni mambo yanayofungamana. Prosesa yenye nguvu hula umeme mwingi. Umeme mwingi hudai betri kubwa, na betri ni uzito. Umeme huo pia hugeuka joto, na joto hudai feni na nafasi ya hewa ndani ya kasha. Ndiyo maana mashine nyembamba yenye prosesa kali huanza kazi kwa kasi, kisha ikishapata moto hujipunguza yenyewe. Mnunuzi hulipia nguvu ambayo kasha haliwezi kuibeba kwa muda mrefu.

Betri hupimwa kwa wati-saa. Betri ya wati-saa 50 katika mashine inayokula wati 7 kwa kazi ya kawaida ya hesabu na barua itafanya kazi kama saa 7. Ikiwa imechakaa na kubakiwa na asilimia 60, zinabaki wati-saa 30, yaani saa 4 na dakika kadhaa. Betri hiyo hiyo ikiwekwa kwenye mashine kubwa inayokula wati 20, hata ikiwa mpya kabisa haifiki saa 3.

Mpimaji wa mazao anayetoka asubuhi kwenda kwenye gulio na kurudi jioni anaweza kuifanya hesabu hii kwenye karatasi kabla hajatoa hata shilingi moja.

UKUBWA WA KIOO

Inchi zinazotajwa ni urefu wa kioo kutoka pembe moja hadi pembe ya pili ya mshazari. Sokoni kuna makundi manne.

Inchi 11.6. Nyingi katika kundi hili zilitengenezwa kwa ajili ya wanafunzi. Ni ndogo na kasha lake huvumilia kudondoka, lakini nyingi zina kumbukumbu ya GB 4 na hifadhi ya GB 16 hadi 64 iliyochomelewa ndani. Zile ziitwazo Chromebook zina jambo la ziada: kila modeli ina tarehe yake ya mwisho ya kupata marekebisho, na modeli nyingi za zamani zimeshaipita. Mwaka 2007 kampuni ya Asus ilitoa Eee PC yenye kioo cha inchi 7 na uzito usiofika kilo moja, na dunia nzima ikakimbilia vidogo. Miaka michache baadaye wengi waliviacha kwa sababu kazi zilikua na mashine hazikukua. Somo hilo halijachakaa.

Inchi 12.5 hadi 13.3. Hapa ndipo penye wepesi wenye heshima. ThinkPad X280 ina uzito wa kama kilo 1.2. MacBook Air ya mwaka 2020 yenye prosesa ya M1 ina kilo 1.29, haina feni kabisa, na betri yake ni karibu wati-saa 50. Kwa mtu anayetembea na pikipiki kutoka Dongobesh kwenda vijijini, uzito huo unabebeka kutwa. Kasoro ni kwamba katika mashine hizo mbili kumbukumbu imechomelewa. Ukinunua yenye GB 8 utakufa na GB 8.

Inchi 14. Hili ni kundi la kati. ThinkPad T480, HP EliteBook 840 G5 na Dell Latitude 7490 zote zilitoka mwaka 2018 na kwa kawaida zina uzito wa kati ya kilo 1.4 na 1.7 kutegemea betri na kioo. Zote zina nafasi ya kuongeza kumbukumbu. T480 ina betri mbili: ndogo ya wati-saa 24 iliyo ndani, na nyingine ya nje ambayo huchomolewa hata mashine ikiwa inafanya kazi. Ya nje hupatikana kwa wati-saa 24, 48 au 72. Mwenye kununua ile kubwa huongeza uzito, lakini hupata siku nzima ya kazi na zaidi.

Inchi 15.6. Hizi zina kioo kipana na nyingi zina vitufe vya namba pembeni, jambo ambalo mhasibu hulipenda. Uzito huanzia karibu kilo 1.8 na kupanda. Zenye kadi ya picha hupita kilo 2, na chaja yake peke yake inaweza kufika nusu kilo au zaidi. Ni mashine za mezani zinazoweza kusafiri, si za safarini zinazoweza kukaa mezani.

Pamoja na inchi, uliza idadi ya nukta za kioo. Kioo cha inchi 14 chenye nukta 1366 kwa 768 huonyesha mistari michache ya daftari la hesabu kuliko cha inchi 12.5 chenye nukta 1920 kwa 1080. Hivyo mtu anaweza kununua kioo kikubwa na kuona kidogo. Aidha, iwashe mashine ukiwa nje ya duka. Vioo vingi vya bei ya chini havisomeki juani, na mnada haufanyikii chini ya dari.

NAMBA YA PROSESA

Wauzaji wengi hutangaza i5 au i7 na kuishia hapo. Namba ya maana ni inayofuata baada ya kistari. Katika i5-8250U, tarakimu ya 8 inaonyesha kizazi cha 8. Katika i7-7500U, tarakimu ya 7 inaonyesha kizazi cha 7. Ya kwanza ina viini 4 vya kazi na ya pili ina 2 tu. Kwa maneno mengine, i5 hiyo hufanya kazi zaidi kuliko i7 hiyo, na Windows 11 huipokea ya kwanza na kuikataa ya pili.

Herufi ya mwisho nayo ina maana. Y ni prosesa za umeme mdogo sana na nguvu ndogo. U ni za mashine nyepesi, kwa kawaida wati 15. H ni za mashine zenye nguvu, kwa kawaida wati 45. Mfanyabiashara anayetegemea sola na kununua H kwa sababu ni kali amejifunga nira ambayo paneli yake haiwezi kuivuta.

Tahadhari: jina la mashine halitoshi. Latitude 7490 na EliteBook 840 G5 ziliuzwa pia zikiwa na prosesa za kizazi cha 7. Mashine mbili zinazofanana rangi, umbo na bei zinaweza kutofautiana kwa jambo hilo moja, na jambo hilo ndilo linaloamua kama mashine itadumu miaka mingine au la. Fungua sehemu ya maelezo ya mashine na usome namba kwa macho yako.

KUMBUKUMBU NA DISKI

Kwa kazi za hapa, kumbukumbu ya GB 8 ndiyo ya kuanzia. Katibu wa AMCOS anayefungua mfumo wa MUVU, daftari la Excel na WhatsApp kwa pamoja ataona mashine ya GB 4 ikijikongoja. Vivyo hivyo kwa anayeshughulikia leseni katika mfumo wa TAUSI huku akijaza ritani za kodi. GB 16 ni kwa wenye steshenari wanaotengeneza mabango na kadi, au wapima ardhi wenye ramani nzito.

Diski iwe ya SSD, ikiwezekana GB 256. Diski za zamani zina sahani inayozunguka na sindano inayosoma juu yake, na mtikisiko wa barabara ya vumbi mashine ikiwa inafanya kazi unaweza kuiua. SSD haina kinachozunguka. Vilevile hutumia umeme mdogo na huwasha mashine kwa haraka zaidi. Ukilazimika kuchagua kati ya prosesa kali yenye diski ya zamani na ya kawaida yenye SSD, chukua ya pili.

UMEME WA JUA

Umeme wa REA umefika katika vijiji vingi, lakini vitongoji vyenye nyumba zilizotawanyika bado vina wengi wanaotegemea sola. Tufanye hesabu ya nyumba yenye paneli ya wati 100. Kwa saa 5 za jua zuri paneli hiyo ingetoa wati-saa 500. Joto, vumbi, nyaya na betri hula sehemu yake, hivyo kwa tahadhari tuhesabu 300. Taa, simu na televisheni zikichukua 200, zinabaki 100 kwa kompyuta.

Mashine nyepesi yenye betri ya wati-saa 50 hujazwa kutoka sifuri kwa wati-saa kati ya 60 na 70, na chenji inabaki. Mashine ya inchi 15.6 inayokula wati 20 ikifanya kazi saa 5 imeshamaliza 100 zote kabla ya kuhesabu kinachopotea njiani. Siku ya mawingu, ambayo Mbulu juu si ngeni, ya kwanza itafanya kazi nusu siku na ya pili itabaki mapambo.

Kuna njia ya kupunguza upotevu. Mashine zinazochajiwa kwa tundu la USB-C, kama T480, X280, 840 G5 na 7490, zinaweza kutumia chaja ya gari ya USB-C ya wati 65 inayochomekwa moja kwa moja kwenye betri ya volti 12. Hapo inveta haihitajiki, na inveta yenyewe hula umeme hata ikiwa haina kazi kubwa. Lakini si kila tundu la USB-C huchaji, hivyo lijaribu ukiwa bado dukani. Faida nyingine ni ya ukarabati: chaja ya USB-C ikiharibika, ya kubadilisha hupatikana kirahisi kuliko chaja yenye pini ya kampuni moja.

HESABU YA BEI

Bei za mashine hizi hupanda na kushuka pamoja na dola, kwa hiyo bei ya wiki iliyopita si lazima iwe ya leo. Kinachosaidia ni njia ya kulinganisha. Chukulia, kwa mfano wa hesabu tu, mashine moja inauzwa shilingi 350,000 na nyingine 700,000. Ya kwanza ni ya kizazi cha 6, kumbukumbu yake haiongezeki na betri imechoka. Ikikufaa kwa mwaka mmoja na nusu, kila mwaka imekugharimu zaidi ya shilingi 230,000, bado hujanunua betri. Ya pili ikikaa miaka 4, kila mwaka ni shilingi 175,000. Rahisi imekuwa ghali.

Mkulima wa kitunguu swaumu wa Bashay au wa ngano wa Basotu anaweza kuifanya hesabu hiyo kwa gunia. Ajiulize ni gunia ngapi zinakwenda kwenye mashine, na mashine hiyo itamrudishia nini kwa kuacha kukosea mizani, madeni na malipo ya vibarua. Kama jibu ni dogo, simu yake na daftari la karatasi vinatosha kwa sasa, wala si aibu.

Mwenye fedha ndogo na mashine ya zamani tayari asikate tamaa. Programu huria za Linux hufanya kazi vizuri katika mashine ambazo Windows 11 imezikataa, na mifumo mingi ya serikali hufunguliwa kwa kivinjari cha intaneti. LibreOffice husoma madaftari mengi ya Excel. Ila awepo mtu wa karibu anayezifahamu, la sivyo kila hitilafu ni nauli ya Arusha.

Na mwenye duka lenye umeme wa TANESCO ambaye hasafiri na mashine yake, ushauri ni mwingine kabisa: anunue kompyuta ya mezani. Kwa fedha ile ile atapata nguvu zaidi na kioo kikubwa, na vipuri vyake hubadilika kirahisi. Wepesi ni bidhaa. Asiyeuhitaji asiulipie.

KABLA YA KULIPA

Kwanza, pima betri. Katika Windows, fungua dirisha la amri na uandike powercfg /batteryreport. Mashine itatoa taarifa yenye uwezo wa betri ilipotengenezwa na uwezo wake wa sasa. Kama wa sasa uko chini ya asilimia 60, punguza bei au dai betri nyingine. Usiridhike na kuona asilimia 100 kwenye pembe ya kioo, kwa sababu hiyo ni asilimia 100 ya kilichobaki.

Pili, hakikisha mashine si mali iliyofungwa. Nyingine bado zimeandikishwa kwa kampuni zilizozitumia, na siku utakapoweka programu upya zitadai nenosiri la kampuni hiyo. Izime, iwashe, ingia kwenye mipangilio ya mwanzo uone kama inadai nenosiri. Kwa MacBook, hakikisha akaunti ya mwenye mali wa zamani imeondolewa.

Tatu, jaribu kila kitufe, kila tundu, kamera na sauti. Iache ifanye kazi nusu saa. Kasoro nyingi hujitokeza mashine ikishapata moto.

Nne, dai risiti ya EFD na uandikiwe muda wa dhamana. Anayeagiza kwa simu na kutumiwa mzigo kwa basi aombe kwanza picha ya taarifa ya betri na ya namba ya prosesa. Muuzaji anayekataa kupiga picha mbili amekwisha kujibu swali lako.

DAFTARI LISILALE DUKANI

Liko jambo moja ambalo halimo kwenye maelezo ya muuzaji yeyote. Desemba 3, 2023 tope, mawe na magogo yalishuka kutoka Mlima Hanang na kufunika sehemu ya mji wa Katesh na vijiji jirani. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Nyumba, maduka na bidhaa zilisombwa. Hakuna kompyuta inayozuia maafa ya namna ile, na waliofiwa wana majonzi makubwa kuliko ya madaftari. Lakini kwa aliyebaki na kutaka kuanza upya, orodha ya wadaiwa, mali iliyokuwamo na mikataba ya mazao ni mtaji. Ikiwa yote yalikuwa kwenye mashine moja iliyolala dukani, mtaji huo umekwenda na tope.

Hapa ndipo wepesi unapopata thamani yake ya kweli. Mashine ya kilo 1.3 huondoka dukani na mwenyewe kila jioni. Ile ya kilo 2.5 na chaja yake huachwa, kwanza siku moja moja, kisha kila siku. Hata hivyo mashine nyepesi nayo huibwa na hudondoka kwenye pikipiki, kwa hiyo nakala ya hesabu iwekwe kwenye diski ndogo inayokaa nyumba nyingine, au kwenye hifadhi ya mtandaoni mara moja kwa wiki.

USHAURI WA WIKI

Katibu wa AMCOS, mpimaji wa mazao na mnunuzi anayezunguka kwenye minada ya Katesh, Dongobesh na Haydom: inchi 12.5 hadi 14, kizazi cha 8 au zaidi, herufi U, kumbukumbu GB 8, SSD, chaji ya USB-C. Kama una shaka kati ya 13 na 14, chukua 14 yenye nafasi ya kuongeza kumbukumbu.

Mwenye steshenari au mpima ardhi mwenye umeme wa uhakika: inchi 15.6 na GB 16, au kompyuta ya mezani kama hatoki.

Mwenye sola ndogo: angalia wati kabla ya yote, na uache H kwa wenye nguzo mlangoni.

Mwanafunzi: inchi 11.6 inafaa ikiwa tarehe yake ya marekebisho bado haijapita, na ikiwa mzazi anajua kwamba haitakuwa mashine ya biashara baadaye.

Anayesita aahirishe safari mpaka awe ameandika kwenye karatasi mambo matatu: saa anazokaa mbali na umeme, kazi anazofanya kila siku, na nani ataibeba. Akiingia dukani na karatasi hiyo, inchi zitajichagua zenyewe.